Mama Mifuko Alivyorudisha Pesa Ambazo Hazikuwahi Kuingia

Kabla maji hayajagusa nguo, mkono wa Mama Mifuko unaingia mfukoni. Kushoto, kulia, nyuma, kisha ule mfuko wa kifuani ambao wenye mashati wenyewe huusahau. Anatoa tiketi iliyofifia, njiti za kiberiti, noti iliyokunjwa mara nne. Haikunjui. Anaidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga lenye alama ya mteja kwa chaki, ndipo shati linazama kwenye beseni.

Jua limeshapanda ukuta wa ua. Kamba zimejaa mashuka na nguo za kazi za watu wa gereji. Kwenye meza ya pasi, iliyotandikwa blanketi kuukuu, simu yake imelala ndani ya kimfuko cha plastiki ili isilowe. Ghafla inaita. Anaiangalia kama mtu aliyeona nge ndani ya kiatu.

"Hii namba siijui," anasema. "Zamani ningepokea mbio, nikidhani ni mteja. Siku hizi naiacha ilie kwanza mimi nipumue."

Simu inalia mpaka inachoka. Yeye anaendelea kufikicha kola.

Mama Mifuko ni dobi. Wateja wake wengi hawajui jina alilopewa na wazazi, na wala hawajawahi kulihitaji. Wamempa jina la kazi yake, au tuseme la tabia yake: kila kinachosahaulika mfukoni humrudia mwenyewe, kuanzia kifungo hadi mshahara. Mwenye duka la vipuri alisahau mauzo ya siku nzima kwenye suruali, akayakuta kwenye kopo yakiwa yamekunjwa vilevile alivyoyakunja.

Hilo alifundishwa na shangazi yake, aliyekuwa akifulia nyumba ya wageni. Shangazi alikuwa mkali. Cha mfukoni unakitoa, hukikunjui, hukihesabu, na hakilali kwako. Binti aliyehesabu noti ya mgeni hata kwa macho tu, siku hiyo hakufua tena.

"Alikuwa anasema ukishahesabu, moyo unaanza kupanga matumizi," anasema Mama Mifuko. "Kwa hiyo mimi cha mtu sikihesabu. Nimeishi hivyo, nimelea watoto hivyo, nimezika mume hivyo. Na hapo ndipo nilipopigwa."

Kazi yenyewe haimfanyi mtu kuwa tajiri. Siku nzuri hupiga pasi mashati arobaini. Mvua ikishika huwa kumi, na mengine hurudi kambani mara mbili kwa kunuka unyevu. Vidole vyake vimechanika kwa sabuni, na akishika ndimu anaruka. Mablanketi, ambayo ndiyo yenye malipo ya maana, huyakataa mengi kwa sababu mgongo hauyawezi tena.

Ndiyo maana yeye na wanawake wengine watatu wanaofua kwenye ua huo waliamua kununua mashine. Haikuwa mpya. Ni mashine kubwa ya hoteli moja iliyokuwa inabadilisha vifaa, yenye mlango wa duara na uwezo wa kumeza mablanketi manne kwa mpigo. Walichanga kidogo kidogo kwa mwaka na zaidi. Pesa zote zilikaa kwenye simu ya Mama Mifuko. Hakuna aliyeuliza kwa nini ziwe kwake.

"Tungeziweka wapi tena?" anauliza wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye sauti ya kupasua ukuta, ambaye naye hufua hapo. "Mtu anayekurudishia sindano utamnyima kukutunzia pesa?"

Ukizipima pesa hizo kwa mashati, yalikuwa mashati mia tisa: yamefuliwa, yameanikwa, yamenyooshwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, siku moja kabla ya kwenda kuilipia mashine. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Ujumbe ukaingia ukisema amepokea pesa nyingi kutoka kwa mtu asiyemjua. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikaita.

Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya puani, ya mtu aliyelia.

"Mama, samahani sana. Nimekosea tarakimu moja ya mwisho. Hiyo pesa ni ya operesheni ya mama yangu mzazi. Niko hapa mlangoni, daktari ananisubiri."

"Pole, mwanangu. Nimeiona sasa hivi," akamjibu.

"Mama, mwingine angezima simu. Lakini hata sauti yako inaniambia wewe hukai na cha mtu."

Anaposimulia hapa, Mama Mifuko hujifuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Aliponiambia vile nilijisikia mrefu," anasema. "Nikamwambia, kwangu kitu cha mtu hakilali. Nikabonyeza juu ya plastiki hivyohivyo na povu langu. Pesa ikaenda. Akanibariki. Akalibariki mpaka tumbo lililonizaa."

Hakutazama salio. Angelitazama angekuta pesa za kikundi tu, zilezile za jana, hakuna iliyoongezeka. Ule ujumbe haukutoka kwa kampuni ya simu. Ulitungwa na mtu na kutumwa kutoka namba ya kawaida, ukapambwa kwa maneno yanayofanana na yale ya kweli. Lakini kutazama salio kwake kulikuwa ni kukunjua noti ya mteja. Cha mtu hahesabu.

Alasiri ile alikuwa na furaha. Mteja wake mmoja, kijana nadhifu wanayemwita Bwana Kola kwa jinsi anavyotaka kola zake zisimame kama ubao, alikaa kwenye benchi akisubiri mashati. Mama Mifuko alimsimulia kisa chote, mgonjwa na daktari na machozi.

"Mama," Bwana Kola alisema, "watu kama wewe wamebaki wachache sana."

Akamwongezea na ya soda.

Kesho yake wanawake wote wanne walivaa vizuri wakaenda kwa wakala wa pesa aliye karibu na hoteli. Wifi alikuwa ameshamkodi mwenye mkokoteni wa kubeba mashine. Wakala alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Mama, salio halitoshi."

"Jaribu tena, baba. Mtandao huo."

"Mtandao uko sawa. Hapa iliyobaki haikutoshi hata nauli."

Mama Mifuko anasema masikio yake yalijaa kelele kama za maji yanayochemka. Alitoa simu kwenye plastiki, akafungua ujumbe, akamwonyesha wakala. Wakala aliusoma mara moja tu.

"Huu si ujumbe, mama. Hii ni barua ya mwizi. Hakuna pesa iliyoingia. Iliyotoka ndiyo ya kweli."

Mwenye mkokoteni aliuliza kama kazi ipo au haipo, akaondoka akiusukuma mtupu. Mmoja wa wale wanawake, mama wa mapacha, alikaa chini kwenye ngazi ya duka na viatu vyake vya kutokea, akatazama barabara.

Wifi ndiye aliyesema, na aliyosema hayajasahaulika pale uani.

"Wifi yangu, wewe unarudisha mpaka vifungo. Sasa turudishie mashine."

Polisi waliandika maelezo yake. Ofisi ya kampuni ya simu ilisema pesa zimetolewa dakika chache baada ya kutumwa, na kwamba kuifunga namba ile kunahitaji karatasi kutoka polisi. Polisi wakasema karatasi inakuja. Mama Mifuko alikuwa ameshaihifadhi namba hiyo kwenye simu kwa jina alilolijua yeye, Mwenye Pesa, maana siku ile alidhani kweli ni mwenye pesa. Hakuifuta. Aliipiga kila asubuhi. Haikupatikana.

Pale uani mambo yalibadilika bila mtu kutangaza. Kwa miaka wote walianika kwenye kamba zilezile, nguo za huyu zikigusana na za yule. Wiki hiyo wifi alikuja na nyundo na misumari, akafunga kamba yake mwenyewe upande wa pili.

"Kamba ile ilikuwa inaniambia neno moja kila nikiinua macho," anasema Mama Mifuko. "Ilikuwa inasema, umekula."

Wifi hakatai. "Nilidhani amekula, ndiyo. Au amempa mtoto wake. Ningefikiri nini? Mtu mzima anatuma pesa za watu kwa sauti ya puani? Niliona hadithi haina kichwa wala miguu."

Mama Mifuko alianza kulipa. Kila jioni alitoa sehemu ya alichopata, akawagawia wale watatu. Aliyapokea hata yale mablanketi aliyokuwa akiyakataa. Binti yake, anayesuka nywele nyumba ya tatu, anasema mama yake alikuwa hawezi kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe kwa vidole kuvimba.

"Nilimwambia mama, utakufa. Akaniambia, nikifa na jina hili watanizika nalo."

Miezi miwili ikapita hivyo.

Kisha siku moja Bwana Kola akaja mbio, gari la kukodi likiwa linamngojea na injini inanguruma. Alitupa kifurushi kwenye benchi, mashati matatu na suruali nyeusi, akalipa kabisa kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama. Jumamosi nazipitia."

"Marahaba, baba. Mbona mbio?"

"Kazi, mama. Kazi hazina huruma."

Katika muda wote aliokuwa akifuliwa pale, Bwana Kola hakuwahi kuacha hata uzi mfukoni. Mama Mifuko alikuwa akimtania kwamba kopo lake linalia njaa. Lakini siku hiyo vidole vyake viligusa kitu kwenye kile kimfuko kidogo kilichoshonwa ndani ya mfuko wa suruali. Kilikuwa kipande cha karatasi laini ya chooni, kimeviringishwa. Alipokivuta karatasi ikachanika, na laini nne za simu zikamwagika juu ya meza ya pasi kama mbegu za tikiti.

Alizikusanya haraka azitie kwenye kopo. Binti yake alikuwa amekaa hapo anakula.

"Mama, mtu mmoja laini nne za nini?"

"Za kwake. Cha mtu usikichokonoe."

"Na cha mtu kikikuchokonoa wewe je?"

Mama Mifuko anasema aliisahau pasi mpaka ikaanza kunuka, akaiinua na kukuta ameacha alama kwenye blanketi. Hakuwa amewahi kuunguza kitu tangu siku za shangazi. Alimkumbuka shangazi na fimbo yake. Alikumbuka pia maneno ya kwenye simu, kwamba hata sauti yake inaonyesha hakai na cha mtu. Sauti gani hiyo inayoonyesha mambo yote hayo kwa maneno matano aliyokuwa amesema? Ni nani anayejua hivyo, kama si mtu aliyekaa kwenye benchi lake?

"Weka," akamwambia binti yake.

Binti akatoa laini yake kwenye simu, akaweka ya kwanza, akapiga namba ya mama yake. Haikuita; laini ilikuwa imeshafungwa. Ya pili, vilevile. Alipoweka ya tatu na kupiga, kile kimfuko cha plastiki mezani kikawaka na kutetemeka.

Kioo kilikuwa kimeandika: Mwenye Pesa.

"Simu ninayopiga nimeishika mimi," anasema binti, "na mwizi anamwita mama yangu. Mama aliitazama ikilia mpaka ikakata. Kisha akasema tu, 'Na shikamoo yake niliitikia marahaba.'"

Mama Mifuko hakwenda polisi kwanza. Alivuka ua mpaka kwenye kamba ya wifi yake, akiwa na simu yake mkononi na binti nyuma yake. Alimwambia binti apige.

Wifi alisoma jina. Alilijua, maana alishaonyeshwa siku ile kwa wakala na akalidharau.

"Laini hiyo mmeitoa wapi?"

"Suruali ya Bwana Kola."

Wifi aligeuza ndoo akaikalia. Nguo yenye maji ilimchuruzikia mapajani asiione.

"Huyu mtoto ananiita shangazi," akasema. "Nilimpa uji siku alipokuja na mafua."

Waliongozana kituoni. Safari hii askari aliyewapokea aliacha kalamu na kusikiliza. Laini zote nne zikabaki kwake, na wakapanga la kufanya.

Jumamosi ilipofika, kwenye benchi la Mama Mifuko alikaa mteja mpya aliyekumbatia furushi la nguo, mwanamume mtulivu mwenye kandambili. Wifi alikuwa karibu, akifua shuka moja lilelile tangu asubuhi. Bwana Kola akaingia na manukato yake.

Alipewa mashati. Akazikagua kola, akaridhika. Akaichukua suruali, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kile kimfuko kidogo.

"Mama, kulikuwa na kikaratasi humu."

"Kikaratasi gani, baba?"

"Kidogo tu. Kina vitu vyangu vya kazi."

"Mimi hapa vitu ni vingi. Una hakika ni vyako, si vya mwingine?"

"Ni vyangu, mama. Najua viko salama." Akatabasamu. "Wewe hukai na cha mtu."

Yalikuwa maneno yaleyale ya simu, isipokuwa pua na machozi. Alinyoosha mkono akalishusha kopo lake kutoka kwenye rafu, akalisogeza mbele yake.

"Ndiyo hivyo," akamwambia. "Hakilali kwangu."

Kopo lilikuwa tupu. Kijana alipoinua macho, yule mteja wa kandambili alikuwa ameshasimama nyuma yake.

Suruali ilikwenda na polisi kama ushahidi. Chumbani kwa kijana, kwa mujibu wa askari aliyesimamia kesi, kulikutwa simu sita na pesa kidogo, ambazo hazifikii hata robo ya zilizopotea. Waliolizwa kwa njia hiyohiyo walikuwa wengi: muuguzi mstaafu, mshona viatu, mlinzi wa shule. Wote watu wa kuaminika. Na jambo hilo ndilo lililomtoa Mama Mifuko machozi, ambayo hata siku ya wakala hayakutoka.

"Askari alimuuliza kwa nini hakuwatafuta wenye tamaa," anasimulia. "Akajibu kwamba mwenye tamaa ana wasiwasi, anaikagua pesa yake kila saa. Lakini anayerudisha hakagui. Mwanangu yule alikaa kwenye benchi langu mwaka mzima, anakunywa maji yangu, ananisoma mimi. Akasikia habari za mashine, akasikia siku ya kulipa. Wema wangu aliupima kama ninavyopima wanga wa kukazia kola."

Wifi, aliyekuwa akisikiliza huku anakamua, anaingilia. "Na mimi nikamsaidia kukumaliza."

"Wewe nyamaza, anika."

Kamba ya wifi bado ipo upande wa pili wa ua. Hakuing'oa. Lakini leo juu yake yananing'inia mablanketi mawili ya wateja wa Mama Mifuko.

Wameanza kuchanga upya. Ile mashine ya hoteli ilishauzwa, wanatafuta nyingine. Pesa ziko kwenye laini moja iliyosajiliwa kwa ajili hiyo tu, na namba ya siri wamegawana. Tarakimu mbili anazijua Mama Mifuko, mbili wifi yake.

"Nikitaka kumtumia mwizi sasa lazima niombe ruhusa," anasema Mama Mifuko, na wifi anacheka mpaka shuka linamponyoka.

Sheria ya shangazi nayo ameifanyia marekebisho. Cha mfukoni bado hakikunjui. Lakini cha kwenye simu anakihesabu: anaangalia salio kwanza, tena kwa mikono mikavu. Na yeyote anayesema amekosea namba hupata jibu moja, kwamba aende kwa kampuni yake ya simu ikairudishe yenyewe, au aje mezani watazamane. Wamempigia wawili tangu hapo. Hakuna aliyekuja.

Mwisho wa kamba, penye kivuli, yametundikwa mashati matatu ya kiume, meupe, kola zimesimama kama ubao. Ni ya Bwana Kola. Siku ile polisi waliyaacha mezani. Kila yanaposhika vumbi Mama Mifuko huyashusha, huyafua na kuyapiga pasi upya.

"Nimemwambia ayafanye matambara," anasema wifi. "Mtu mwenye akili anampigia mwizi pasi?"

"Shati halijaniibia," anajibu Mama Mifuko. "Na alishayalipia."

Kesi inasikilizwa mwezi ujao, na ameitwa kama shahidi. Ameshanunua mfuko mpya wa kuyabebea yasijikunje. Anasema atayatoa mbele ya hakimu, ayahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti, na amkabidhi mwenyewe mkononi.

"Nataka aniangalie nikimrudishia," anasema, na mkono wake unaingia kwenye mfuko wa suruali nyingine. "Yamelala kwangu mno."